Xbox 360 iliyotoka Marekani: pawa saplai haiwashi taa hata kidogo, tuanzie wapi?

Mzazi wa Chumbageni

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninaomba msaada kuhusu mashine ya gemu ya Xbox 360, ile nyeupe ya umbo la zamani, ambayo shemeji yangu alituletea kutoka Marekani miaka 2 iliyopita. Mwenye nayo hasa ni binti yangu wa miaka 13, na tangu Jumamosi jioni haiwaki kabisa. Simaanishi kwamba inawaka kisha inazima, wala kwamba inaonyesha taa nyekundu. Ukibonyeza kitufe hakuna mlio, feni haizunguki, na ile pawa saplai yake kubwa inayolala sakafuni, ambayo siku zote ilikuwa na taa ya rangi ya chungwa hata mashine ikiwa imezimwa, sasa haina taa yoyote.

Siku hiyo umeme ulikatika hapa mtaani mara 2, na mara ya pili uliporudi ndipo tulipoikuta mashine katika hali hii. Friji, televisheni na king'amuzi vinafanya kazi. Soketi nimeijaribu kwa pasi ya nguo na inatoa umeme. Nilipoinamisha pua karibu na matundu ya pawa saplai nilipata harufu kali kama shombo, ambayo sikuwahi kuisikia hapo kabla.

Labda niongeze kwamba mchana wa siku ileile tulikuwa tumeihamisha mashine kutoka sebuleni kwenda chumba cha watoto. Transfoma tuliyokuwa tukiitumia imehamia jikoni kwa ajili ya blenda, ambayo nayo ilitoka Marekani, na mpwa wangu ndiye aliyeiunganisha mashine upya kwa adapta, kama nilivyomwelekeza.

Fundi mmoja aliitazama kwa dakika chache akasema bodi ya mashine imekufa na kwamba haifai kuhangaika nayo. Ningependa kujua kama kuna namna ya kutambua kilichoharibika ni mashine au ni pawa saplai, kabla sijakubali maneno hayo. Binti yangu ana hatua nyingi za michezo alizozihifadhi humo, na swali lake la kila asubuhi ni kama zimepotea.

Kijana wa Changamwe

Pole sana, mzee wangu, na mpe pole binti. Ninavyoona mimi, hilo ni tatizo maarufu la mashine za aina hiyo, lile la taa 3 nyekundu kuzunguka kitufe cha kuwashia. Lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2007 Microsoft waliongeza dhamana ya tatizo hilo hadi miaka 3. Kama mashine yako ni ya wakati huo, basi huenda fundi wako amesema kweli kuhusu bodi.

Fundi wa Nyamagana

Ndugu yangu wa Changamwe, historia hiyo ni sahihi, lakini haihusiani na dalili tulizoelezwa. Taa 3 nyekundu ni taarifa ambayo mashine yenyewe huitoa, na ili iitoe ni lazima iwe na umeme. Hapa hakuna taa hata moja, si kwenye mashine wala kwenye pawa saplai, na taa ya pawa saplai ndiyo ya kwanza kusikilizwa kabla ya jambo lolote jingine. Ikiwa ya chungwa, pawa saplai ipo tayari na inasubiri amri. Ikiwa ya kijani, inafanya kazi. Ikiwa nyekundu, imejikinga kwa sababu ya hitilafu, ambayo inaweza kuwa yake au ya mashine. Isipowaka kabisa, ama haipokei umeme ama imeungua kwa ndani.

Mzazi wa Chumbageni, kabla sijasema neno zaidi ninakuomba ufanye mambo machache, na usifungue kitu chochote kwa sasa. Chomoa pawa saplai ukutani na uchomoe pia waya unaoingia kwenye mashine, uiache hivyo kwa dakika 10. Kisha ichomeke peke yake, bila mashine, lakini ichomeke kupitia transfoma yako ya zamani na si vinginevyo, uangalie kama taa ya chungwa itawaka. Halafu igeuze, usome kwenye lebo sehemu ya umeme unaoingia, uniandikie tarakimu zote kama zilivyo. Vilevile tazama nyuma ya mashine, karibu na mahali waya wa umeme unapoingia, utaona pameandikwa volti 12 na kiasi cha ampea. Ninazihitaji tarakimu hizo.

Na jambo la mwisho, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: mpwa wako alitumia adapta gani?

Mzazi wa Chumbageni

Ninashukuru sana, fundi. Nimefanya yote. Kupitia transfoma, bila mashine, taa haikuwaka. Lebo ya pawa saplai imeandikwa 100–127V upande wa kuingia. Nyuma ya mashine pameandikwa 12V na 14.2A.

Kuhusu adapta, nimemwita mpwa wangu akanionyesha. Ni kile kidude cheupe cha kuchomekea plagi ya miguu miwili bapa ili iingie kwenye soketi zetu za matundu matatu. Mimi nilipomwambia atumie adapta nilikuwa ninaifikiria transfoma, maana ndivyo tulivyozoea kuiita hapa nyumbani, na yeye akachukua kitu ambacho dukani kinaitwa adapta. Anakumbuka kwamba alipowasha swichi ya ukutani alisikia mlio mmoja, "pap", lakini dakika ileile umeme ukakatika mtaa mzima, kwa hiyo hakuna aliyeutilia maanani. Jirani yetu ana PS4 iliyotoka Marekani na anaichomeka kwa kidude kama hicho bila tatizo, ndiyo sababu kijana hakuona kosa lolote.

Fundi wa Nyamagana

Ahsante kwa kuzisoma lebo, kwa sababu jibu limeandikwa hapo. Pawa saplai yako ilitengenezwa kwa ajili ya umeme wa volti 100 hadi 127, na soketi ya nyumba yako inatoa volti 230. Kile kidude cheupe hubadilisha umbo la miguu ya plagi tu, na hakipunguzi hata volti moja. Kukatika kwa umeme mtaani kuliangukia wakati uleule na kukaificha sababu yenyewe. Usimlaumu kijana. Neno adapta tunalitumia kwa vitu vitatu tofauti, yaani kibadili plagi, transfoma ya kushushia umeme, na hata chaja ya kompyuta, na kila mwaka ninaletewa redio, blenda na mashine za gemu zilizoungua kwa sababu ya neno hilo moja. Mimi karakanani kwangu siku hizi ninamwambia mteja "kibadili plagi" au "transfoma", na adapta silitamki.

Kuhusu PS4 ya jirani, ile imeandikwa 100–240V, maana pawa saplai yake ya ndani inapokea umeme wa Marekani na wa kwetu bila kubadilishwa chochote. Chaja nyingi za simu na za kompyuta za mkononi ziko hivyohivyo. Xbox 360 haikutengenezwa hivyo. Pawa saplai zake zilitolewa kulingana na umeme wa kila eneo, na ya Marekani ni ya Marekani tu.

Nitaeleza kilichotokea ndani, kwa kuwa ukikielewa hutadanganywa na mtu. Umeme wa ukutani ni mkondo geu, yaani unaogeuza mwelekeo wake kila mara. Ukiingia kwenye pawa saplai, daiodi 4 huugeuza kuwa mkondo nyoofu, yaani wa mwelekeo mmoja, na kapasita kubwa huuhifadhi katika kilele chake, ambacho ni takribani mara 1.41 ya volti tunazozitaja. Kwa umeme wa volti 127 kilele ni kama volti 180, kwa hiyo mtengenezaji akiweka kapasita ya volti 200 inatosha. Kwa umeme wa volti 230 kilele ni kama volti 325, na hapo kapasita hiyo haina pa kukimbilia: hufura kichwa, hupasuka, na dawa ya majimaji iliyomo ndani yake ndiyo inayotoa harufu ya shombo uliyoisikia. Pamoja nayo kuna varista, kidude cha duara mithili ya sarafu, ambacho kazi yake ni kunyonya mapigo ya ghafla ya umeme mkubwa. Ikipewa volti 230 mfululizo wakati iliwekwa kulinda umeme wa 120, hupitisha umeme mwingi mpaka inaungua, na fyuzi hukatika. Huo mlio wa "pap" ulitoka kwenye kapasita au kwenye varista.

Kinachonipa matumaini kuhusu mashine ni hiki. Kati ya upande wa umeme mkubwa na upande unaokwenda kwenye mashine kuna transfoma ndogo ya ndani ambayo nyaya za pande zake mbili hazigusani. Upande wa kwanza ukilipuka, upande wa pili kwa kawaida hunyamaza. Volti 12 na volti 5 hutoweka, hazipandi. Kwa hiyo mimi siamini kwamba bodi imekufa, na aliyesema hivyo bila kuipa mashine umeme kutoka kwenye pawa saplai nzima hakuwa na njia ya kujua.

Kuhusu kumpelekea fundi afungue, sikukatazi, ila ninaomba sana mambo haya yazingatiwe. Kapasita ile inaweza kubaki na umeme wa kuumiza, na hata kuua, muda mrefu baada ya kuchomolewa, kwa hiyo ipimwe kwa mita kabla ya kidole kugusa, na kama ina chaji itolewe polepole kupitia rezista, si kwa kuipiga bisibisi. Fyuzi iliyokatika isibadilishwe peke yake, kwa kuwa ilikatika kwa sababu iliyopo mbele yake. Na nimeona kwa macho yangu pawa saplai ambayo fyuzi yake iliwekewa kipande cha waya wa shaba. Hilo ni kosa linaloweza kuchoma nyumba, na katika chumba cha watoto halina msamaha. Fundi makini, akishabadilisha vilivyoungua, huijaribu kwanza kwa kuiunganisha mfululizo na balbu ya zamani ya wati 100. Balbu ikibaki inawaka kwa nguvu zote, bado kuna shoti ndani, na hakuna kilicholipuka.

Kuna mtego mmoja zaidi katika kupima. Pawa saplai hii, ikiwa nzima lakini haijaunganishwa na mashine, hutoa volti 5 tu, katika waya mwekundu. Volti 12, ambazo ziko kwenye nyaya za njano, hazitoki mpaka mashine itume amri kupitia waya wa buluu. Fundi asiyejua hilo hupima njano, hukuta sifuri, na huitupa pawa saplai isiyo na kosa lolote. Ya kwako haina hata taa, kwa hiyo hukumu yake haina shaka, lakini ukienda kununua nyingine dukani jambo hili litakusaidia.

Ushauri wangu: usiitengeneze hii ya volti 127. Hata ikipona, siku yoyote mtu mwingine ataichomeka ukutani. Tafuta pawa saplai ya mashine hiyohiyo iliyoandikwa 220–240V, ambayo huuzwa pamoja na mashine kuukuu za Ulaya na za Ghuba, au ya kampuni nyingine iliyoandikwa 100–240V. Upande wa mashine haujali ilikotoka, kwa kuwa volti 12 ni volti 12 popote. Cha kuzingatia ni ukubwa. Mashine yako ya ampea 14.2 inahitaji pawa saplai ya wati 175. Ile kubwa zaidi ya wati 203, ya ampea 16.5, nayo inaingia na kufanya kazi vizuri. Ile ya wati 150, ya ampea 12.1, haitaingia, kwa sababu kichwa cha waya kimechongwa ili kizuie, na kama utamwona mtu anakikwangua kwa kisu ili kiingie, mnyang'anye kisu. Za mashine nyembamba zilizotoka kuanzia mwaka 2010 zina kichwa tofauti kabisa.

Mwambie binti kwamba hatua zake zimehifadhiwa kwenye diski, ambayo katika mashine za umbo hilo ni kisanduku kinachobanduliwa ubavuni. Hata kama mashine ingekuwa imekufa, diski ile ingechomekwa kwenye nyingine ya umbo lilelile.

Mkazi wa Muscat

Fundi ameeleza vizuri, nami ninapenda kuongezea upande wa transfoma, kwa sababu huku tunapokea mizigo mingi ya jamaa zetu kutoka Marekani, na umeme wetu ni wa volti 240. Mwenye kuamua kubaki na pawa saplai ya Marekani anapaswa kuchagua transfoma kwa wati, na asinunue inayolingana kabisa na chombo. Kwa mashine ya wati 175, mimi nisingetumia chini ya wati 300, na nafsi yangu hutulia zaidi nikiona 500, kwa sababu transfoma nyingi za bei nafuu zinaandikwa wati ambazo haziwezi kuzibeba kwa saa 2 mfululizo. Iguse baada ya nusu saa. Ikiwa joto lake halivumiliki mkononi, ni ndogo.

Viko pia vibadilishi vyepesi vya wasafiri vinavyoandikwa wati 1600, vinavyotoshea kiganjani. Vile vimetengenezwa kwa ajili ya vitu vya kupasha joto tu, kama vikausha nywele, navyo hushusha umeme kwa kuukatakata. Usichomeke humo chochote chenye saketi ndani yake. Transfoma ya kweli ni nzito kwa sababu ina chuma na shaba.

Watu huuliza pia kuhusu hezi, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde, kwamba Marekani ni 60 na kwetu ni 50, na transfoma haibadilishi hilo. Kwa pawa saplai ya namna hii hakuna tatizo, kwa kuwa jambo la kwanza inalofanya ni kuugeuza umeme kuwa mkondo nyoofu. Blenda ni habari nyingine, kwa sababu baadhi ya mota huathirika.

Mzazi wa Chumbageni

Ndugu zangu, ninarudi na taarifa, baada ya siku 9.

Nilimpelekea fundi mwingine ile pawa saplai, si ili aitengeneze bali ili binti yangu na mpwa wangu waione kwa ndani, maana wote wawili walitaka kuelewa. Aliipima kapasita kwa mita kabla ya kugusa, kama ulivyoelekeza. Kichwa chake kilikuwa kimefura na kupasuka kwenye alama ya msalaba iliyochongwa juu yake, na ubavuni pameandikwa 200V, jambo lililomfanya binti yangu achukue kikokotoo na kuzidisha 230 kwa 1.41 palepale mezani. Ile varista mithili ya sarafu ilikuwa imepasuka katikati na kuacha masizi meusi kwenye ubao, na kioo cha fyuzi kilikuwa kimekuwa cheusi chote, hata waya wa ndani hauonekani.

Pawa saplai nyingine niliipata kwa muuzaji wa mashine kuukuu, ikiwa imeandikwa 220–240V na ampea 16.5. Nilisoma lebo mara 2 kabla ya kulipa, na nikamwomba aichomeke ukutani bila mashine. Taa ya chungwa iliwaka mara moja. Alitaka kunipimia volti 12 ili kunithibitishia, akapata sifuri, akashangaa mwenyewe, na mimi nikamweleza habari ya waya wa buluu.

Nyumbani nilimwachia binti yangu aiunganishe. Taa ya pawa saplai iligeuka kutoka chungwa kuwa kijani, feni ikaanza, na robo moja ya duara la kitufe ikawaka kijani. Hatua zake zote zipo.

Swali moja limebaki. Nimebandika karatasi kwenye soketi ya jikoni iliyoandikwa "blenda kwa transfoma tu", lakini kutokana na maelezo ya ndugu wa Muscat sijui kama mota ya blenda ile iko salama. Ina lebo ya 120V 60Hz na wati 450, na transfoma yetu ni ya wati 500.

Fundi wa Nyamagana

Nimefurahi sana, na mpe binti hongera ya hesabu.

Kuhusu blenda: ondoa jagi utazame pembeni mwa mota kama kuna vipande 2 vya kaboni vinavyosugua. Blenda nyingi za nyumbani ziko hivyo, na mota ya namna hiyo haisumbuliwi na hezi 50. Kinachonipa wasiwasi ni transfoma. Mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mwingi kuliko ulioandikwa kwenye lebo, na wati 500 kwa mzigo wa 450 ni karibu mno. Tafuta ya 1000. Mpaka utakapoipata, saga kwa vipindi vifupi visivyozidi dakika 1, na usiweke barafu.

Na kile kidude cheupe kiko wapi sasa?

Mzazi wa Chumbageni

Mpwa wangu amekifunga kwenye mfuko pamoja na chaja ya kompyuta ya shemeji, iliyoandikwa 100–240V. Chaja hiyo ndiyo kitu pekee hapa nyumbani chenye plagi ya Marekani kinachoruhusiwa kutumia kidude hicho.